Hadithi Tisa kwenye Mtungo Mmoja: Jibu kwa Mwalimu wa Masasi

Mwalimu mmoja wa sekondari wilayani Masasi ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kusoma *I, Robot* cha Isaac Asimov. Kinasifiwa kama kitabu kimoja kikubwa, lakini mimi nimeona hadithi tisa ambazo kila moja ingeweza kusimama peke yake. Je, ni riwaya au ni mkusanyiko? Nauliza kwa sababu nami nina hadithi saba za kubuni za kisayansi, zote zikitokana na huku kwetu Kusini. Tatu zinahusu mashine inayopima korosho ghalani, mbili zinahusu bomba la gesi, moja inahusu mifupa ya mijusi wakubwa wa kale iliyochimbwa kilima cha Tendaguru, na moja inahusu kijiji cha Wamakonde kilichohamia Mwezini. Nifanye nini ziwe kitabu?"

Marahaba, mwalimu. Nianze na sehemu nyepesi ya swali lako. Kitabu hicho ni mkusanyiko wa hadithi fupi, wala si riwaya, ingawa kimevishwa nguo zinazowafanya wengi wakidhanie riwaya. Hadithi zote tisa zilikuwa zimekwisha kutoka majaridani nchini Marekani kabla ya kitabu kuchapishwa mwaka 1950. Ya kwanza, inayomhusu yaya wa chuma aitwaye Robbie, ilitoka mwaka 1940. Nane zilizobaki zilitoka kati ya 1941 na 1950 katika jarida moja, *Astounding Science Fiction*, chini ya mhariri John W. Campbell. Asimov alikuwa na miaka 20 ya kwanza ilipochapishwa, na alikuwa na miaka 30 zilipokusanywa. Unachokisoma kwa siku mbili ni kazi ya miaka kumi ya kijana aliyekuwa akisomea kemia huku akiandika, na hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini hadithi zile hazilingani uzito.

Ukishuka ufukweni hapa Lindi asubuhi, utakuta wavuvi wadogo wanauza samaki kwa mtungo: changu, tasi na kibua wamepitishwa chane moja ya ukindu matamvuani, kisha ncha zikafungwa fundo. Ukiikata ile chane, kila samaki anabaki mzima na anaweza kuingia chunguni peke yake. Riwaya ni papa mmoja. Ukimkata, ulichonacho ni vipande. Kipime kitabu chochote kwa kipimo hicho na hutakosea sana. Hadithi ya Robbie ukiitoa ukaisoma peke yake inakidhi, ina mwanzo wake na mwisho wake. Ni mtungo. Kinachobaki kuulizwa, na ndicho kinachokuhusu wewe mwenye hadithi saba, ni kile kinachoushika mtungo usimwagike.

Asimov alitumia mbinu tatu, na mbili kati ya hizo ni za kiufundi tu. Kwanza, alitunga hadithi inayozibeba nyingine: mwandishi wa habari anamhoji Dakta Susan Calvin, mtaalamu wa saikolojia ya roboti aliyezaliwa mwaka 1982, na bibi huyo anapokumbuka maisha yake ya kazi katika kampuni inayotengeneza roboti, kila kumbukumbu inakuwa hadithi. Sisi hatuhitaji kwenda mbali kuielewa mbinu hii. Tumelelewa na *Alfu Lela u Lela*, na mwaka 1951, mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha Asimov, Shaaban Robert alitoa *Kusadikika*, ambamo Karama, aliyeshtakiwa na waziri Majivuno, anasimama barazani na kujitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita, moja baada ya nyingine. Nchi ile inaelea hewani. Sijui kwa nini tunawaambia wanafunzi wetu kwamba bunilizi ya namna hii ni ugeni kwa Kiswahili.

Pili, alizipanga hadithi upya na kuzirekebisha. Hazikufuata mpangilio wa kuandikwa kwake: "Runaround" ya mwaka 1942 inatangulia "Reason" ya mwaka 1941, na "Liar!", ambayo nayo ni ya mwaka 1941, imewekwa nyuma ya hadithi ya mwaka 1944. Zimepangwa kwa kukua kwa roboti wenyewe, kuanzia yaya asiyeweza hata kusema, kupita wachimbaji wa sayari nyingine, hadi mashine kubwa zinazoendesha uchumi wa dunia nzima. Na ile ya Robbie, ambayo iliandikwa kabla hazijatungwa sheria za roboti nitakazozieleza hivi punde, aliirudia kwa ajili ya kitabu: akaingiza humo sheria ya kwanza, na akampitisha Calvin kama msichana anayeonekana kwa muda mfupi tu. Mabadiliko hayo ni mistari michache, lakini bila hayo hadithi ya kwanza ingekuwa samaki aliyelala pembeni ya mtungo. Hata jina la kitabu halikuwa lake. Yeye alitaka kiitwe *Mind and Iron*, yaani akili na chuma, na mchapishaji akachukua jina la hadithi ya mtu mwingine iliyotoka mwaka 1939.

Sasa tuje kwenye mbinu ya tatu, ambayo ndiyo chane yenyewe. Mwezi Desemba 1940 Asimov na Campbell walikaa wakazungumza, na katika mazungumzo hayo zikapatikana sheria tatu. Roboti asimdhuru binadamu, wala asikae kando akimwacha binadamu adhurike. Roboti atii amri za binadamu, isipokuwa amri inayovunja sheria ya kwanza. Roboti ajilinde mwenyewe, maadamu kujilinda huko hakuvunji sheria hizo mbili. Asimov siku zote alisema ni Campbell aliyezitaja. Campbell alisema yeye alizichuja tu kutoka katika hadithi za Asimov, ambamo tayari zilikuwemo. Mimi naona maneno ya Campbell yana mafunzo zaidi kwa mwandishi, na nitayarudia nitakapofika kwenye korosho zako.

Uzuri wa sheria hizo ni kwamba zinaonekana zimekamilika. Msomaji anazisoma na kusema, basi, hakuna tatizo tena. Kisha anakuja mtunzi na kuzibana upande huu, akazibana na upande ule, kila mara zikalia mahali ambapo hukutazamia. Tuitazame "Runaround" kwa karibu. Wanaume wawili, Powell na Donovan, wako kwenye sayari ya Zebaki, na mitambo inayowakinga na joto la jua inahitaji seleniamu. Wanamtuma roboti wao, Speedy, akachote kwenye dimbwi. Donovan anatoa amri hiyo kikawaida tu, bila kuikazia, kama mtu anayemwambia mtoto akalete maji. Lakini Speedy ni wa gharama kubwa, kwa hiyo kiwandani waliiongezea nguvu sheria ya kujilinda. Na penye dimbwi kuna gesi iwezayo kuula mwili wake. Akisogea, hatari inapanda na sheria ya tatu inamrudisha. Akirudi, hatari inashuka na sheria ya pili inamsukuma tena mbele. Pale nguvu mbili zinapolingana, hasogei wala harudi: analizunguka dimbwi saa baada ya saa, akiongea ovyo kama mlevi, huku mabwana zake wanakaribia kuungua. Hakuna aliyevunja sheria, na hakuna mtambo ulioharibika. Watu watakufa kwa sababu amri ilitolewa kwa sauti ya chini mno.

Wanachofanya ili kumkomboa kinatokana na sheria zilezile. Powell anatoka nje, anajiweka juani mahali ambapo hawezi kurudi kwa nguvu zake mwenyewe, na anamwita Speedy. Sheria ya kwanza inaamka, inazifunika zile mbili, na roboti anakuja mbio. Ona, mwalimu, kwamba suluhisho halikuingizwa kwa mlango wa nyuma. Mtunzi aliliweka mkononi mwetu ukurasa wa mapema, nasi hatukuliona.

Hadithi nyingine zinafanya hivyohivyo kwa pembe tofauti. Roboti Cutie anakataa kuamini kwamba viumbe dhaifu kama binadamu ndio waliomuunda, anauabudu mtambo wa umeme, lakini kazi anaifanya sawasawa kuliko mtu yeyote. Herbie anasoma mawazo ya watu, na kwa kuwa ukweli unaumiza na kuumiza ni kudhuru, anamwambia kila mtu kile moyo wake unachotaka kusikia. Calvin, aliyeaminishwa hivyo kwamba anapendwa, anajibu kwa kumweka mahali ambapo kusema kunadhuru na kunyamaza kunadhuru, mpaka akili ya roboti huyo inavunjika. Hiyo ndiyo hadithi ninayoirudia kuliko zote katika kitabu. Hadithi ya Dave na roboti wake sita wa migodini ni nyepesi, na usipoisoma hutapungukiwa kitu.

Kabla ya kukushauri juu ya hadithi zako, kuna jambo ambalo msomaji wa Boston halazimiki kuliona na msomaji wa Lindi hawezi kulikwepa. Neno roboti lilizaliwa katika tamthilia ya mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, iliyoandikwa mwaka 1920, na yeye mwenyewe alieleza kwamba ni kaka yake, Josef, aliyempa neno hilo. Linatokana na neno la Kicheki *robota*. Sisi tunalo neno linalolingana nalo kabisa, na wazee wetu hawakulipata kamusini: ni shokoa, kazi ya kulazimishwa isiyo na ujira. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi ambavyo leo viko mkoa huu wa Lindi, waling'oa pamba katika shamba walilolazimishwa kulilima, na vita vya Maji Maji vikaanzia hapo.

Soma sasa sheria ya pili, ile ya kutii, ukiwa umekaa huku. Katika "Runaround" kuna roboti wa zamani waliobaki kutoka msafara wa kwanza. Wanamwita kila mtu bwana, na hawawezi kwenda popote nje mpaka mtu awapande mabegani. Powell anaeleza bila kuficha kwamba waliwekewa silika ya utumwa ili watu wasiwaogope. Niliposomesha hadithi hiyo, mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa amekaa dirishani alisema bila kuinua mkono: "Hao ni wabeba machela." Darasa lilinyamaza. Yule msichana alikuwa amemsoma Asimov kwa undani kuliko nilivyokuwa nimemsoma mimi kwa miaka mingi, kwa sababu aliuliza ni nani amebebwa na ni nani amebeba, nami nilikuwa nimeshughulika na fumbo la dimbwi tu.

Sisemi haya ili kumtia mtunzi hatiani. Asimov aliandika akipinga mtindo wa wakati wake, ambapo kila kiumbe cha maabara lazima kimgeukie aliyekiumba na kumwua. Yeye alishikilia kwamba chombo ni chombo, na kama kisu kinavyowekewa mpini ili kisimkate mshikaji, roboti naye atawekewa sheria. Ni hoja ya mhandisi, na ni hoja njema. Ila mpini una upande mmoja. Sheria zote tatu zinamlinda anayeshika. Hakuna inayomuuliza anayeshikwa. Katika hadithi ya mwisho, dunia imegawanywa kanda nne, na kanda ya tropiki inaongozwa na mtu aitwaye Lincoln Ngoma, jina ambalo sikio letu linalitambua papo hapo. Anapewa kurasa chache, kisha kitabu kinaendelea na safari yake. Hapo ndipo mwandishi wa Masasi ana kazi ya kufanya, wala hahitaji kumwiga mtu.

Kwa hiyo, hadithi zako saba. Katika maelezo marefu uliyoniambatanishia juu ya kila moja, nimeona kwamba sheria unayo tayari, ila hujaitamka. Katika zile tatu za ghalani, mashine yako hufanya jambo moja bila kukosa: haimdanganyi mkulima. Hukuiandika popote kama sheria, lakini kila tatizo katika hadithi zile linatokana nayo. Hicho ndicho Campbell alichokiona kwa Asimov. Ichukue, iandike kwa sentensi moja isiyo na utata, na uitie kinywani mwa karani wa chama cha msingi katika ukurasa wa pili, ili msomaji aijue kabla haijabanwa.

Kisha ibane. Umeshaanza vizuri katika hadithi ya mjane wa Chiungutwa. Karani anachota sampuli kutoka kwenye gunia, anazikata korosho katikati moja moja, anapanga nusu zake juu ya ubao: kiini cheupe, kiini chenye madoa, kiini kilichosinyaa, ganda tupu. Jicho la mashine linahesabu. Gunia lina unyevu, kwa sababu paa la jikoni lilivuja usiku mmoja, na mashine inasema kweli mbele ya foleni nzima. Wewe umeishia kwenye aibu ya yule mama. Nakuomba usogee hatua moja zaidi: nje ya uzio anasubiri mnunuzi wa kangomba, yaani wa magendo anayenunua korosho kwa bei ya kutupa, aliyesikia kila neno, na sasa anajua ni nani wa kumfuata nyumbani na bei ya chini kiasi gani atakubali. Ukweli wa mashine umemkabidhi mkulima kwa mwizi. Je, kunyamaza kungekuwa kudanganya? Swali hilo usilijibu katika hadithi hiyo. Libebe hadi inayofuata, na hapo mtungo utaanza kushika.

Hadithi mbili za gesi zinaweza kuingia, kwa sharti moja. Bomba linalotoka Mnazi Bay kwenda Dar es Salaam umelieleza kwa ufundi mwingi, na najua umelitafiti, lakini ndani yake hakuna anayesema kweli wala uongo kwa mtu yeyote. Kuna vali na mgandamizo. Ipe mitambo ile ya kulinda bomba sheria ileile ya ghalani, kisha uwaweke wanakijiji ambao njia ya bomba imepita shambani mwao wakiiuliza maswali ambayo mwenye mitambo hapendi yajibiwe. Kama hutaki kufanya hivyo, ziache nje.

Ya Tendaguru iondoe, ingawa ndiyo iliyoandikwa vizuri kuliko zote. Wajerumani walichimba kilima kile kati ya 1909 na 1913, Maji Maji ikiwa imekwisha miaka miwili tu kabla. Mifupa ilibebwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, na leo mmoja wa mijusi wale, mwenye kimo cha zaidi ya meta 13, amesimama katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Wewe umemwandika mzee anayeamka usiku akisikia mifupa ikiuliza njia ya kurudi. Huyo ni papa, mwalimu, hatoshi kwenye mtungo wa changu. Mtunzie riwaya yake. Kile kijiji cha Mwezini nacho kiondoe kwa sababu nyingine: nimekisoma nikitafuta jambo moja ambalo lisingeweza kutokea Newala, sikulipata.

Utabaki na hadithi tano, nazo ni chache. Ongeza tatu au nne, zote zikiibana sheria ile, lakini moja kati yake imtazame anayefanya kazi chini ya mashine: kijana wa kupakua magunia, ambaye mashine haimdanganyi kwa sababu haikuagizwa kabisa kusema naye. Usiweke mwaka wowote. "Runaround" imewekwa mwaka 2015, ambao umeshatupita bila mtu kukanyaga Zebaki, na msomaji wa leo anajikwaa hapo bila sababu. Usimtafute mtu wa kukaa nafasi ya Calvin kabla hadithi hazijakamilika. Ukimaliza, utakuta kuna mhusika mmoja aliyekuwepo karibu kila mahali, na kwa nilivyosoma mimi atakuwa yule karani, akiwa amestaafu, akiulizwa maswali na mjukuu wake msimu wa korosho. Sura hizo fupi za kuunganisha ziandike mwisho, kisha rudi kwenye hadithi ya kwanza uipitishie karani kwa mistari miwili mitatu, kama Asimov alivyompitisha Calvin kwa Robbie.

Anza na mjane na yule mtu wa kangomba. Iandike upya yote, usiitie viraka, na unitumie hiyo kabla ya nyingine.